Cismaan ni Athumani: jina moja na kalamu zilizoliandika

Andika neno hili kwa herufi kubwa: CISMAAN. Lipeleke kwenye dirisha la mapokezi Mwanza, Nakuru au Bujumbura, umwombe karani amwite mwenye jina. Atajaribu "Sismani", atajaribu "Kismani", labda na "Chismani", na Msomali aliyekaa benchi la mbele hatainuka, kwa kuwa hajasikia jina lake. Huenda karani huyohuyo ana mjomba aitwaye Athumani. Jina la mjomba wake na jina lililomshinda kusoma ni jina moja.

Tahajia ngeni huhesabiwa haraka kuwa kosa la mwandishi au mbwembwe za wazazi. Makosa yapo, na tutayafikia. Lakini mara nyingi tahajia ngeni ni alama ya kalamu: inaonyesha sikio la nani lilisikia jina, na mkono wake ulizoezwa kuandika lugha gani. Athumani, Asumani, Assoumani, Othman, Osman, Ousmane, Assumane, Athmane, Cismaan. Anayeyaona haya kuwa majina tisa atasema manane kati yake ni adimu. Anayejua yalikotoka anaona jina moja lililosambaa kutoka Senegal hadi Malaysia.

Herufi tano

Kwa Kiarabu jina hili huandikwa عثمان. Aliyepita chuo cha Kurani atalisoma kwa herufi zake: aini, the, mimu, alifu, nuni. Ni tano tu, na tahajia zote tisa zinaelezeka kwa kuzitazama hizo tano vizuri.

The, mimu na nuni ni konsonanti. Zimeandikwa na zinasikika wazi. Alifu iliyo kati ya mimu na nuni inarefusha irabu, tunapata "maa". Lakini irabu ya mwanzo, ile u fupi, haina herufi yake. Ni dhumma, alama ndogo inayowekwa juu ya aini, na katika maandishi ya kila siku haiwekwi kabisa. Msomaji huitia mwenyewe kwa mazoea. Na kati ya the na mimu hakuna irabu yoyote, pana sukuni, yaani alama ya konsonanti isiyo na irabu.

Sasa zirudie tahajia zile tisa. Kilichoandikwa kwa Kiarabu kimetikisika kidogo: the imekuwa th au s, lakini kila moja ina m, ina a baada ya m, kisha ina n. Kisichoandikwa ndicho kinachoyumba zaidi. Mwanzoni utakuta A, O, Ou au Ci. Katikati, kabla ya m, mara pana irabu, mara hapana. Aini yenyewe, sauti ya kooni ambayo Kiswahili, Kifaransa, Kireno na Kituruki hazina, haikupewa herufi yake popote isipokuwa kwa Wasomali.

Kabla ya herufi za Kirumi kushika mwambao, Waswahili waliandika Kiswahili chao kwa herufi za Kiarabu. Mtu wa Lamu, wa Unguja na wa Kasongo kule Kongo mashariki waliweza kuliandika jina hili sawasawa, herufi tano zilezile, huku kila mmoja akilitamka kivyake. Tofauti ilikuwa mdomoni tu. Herufi za Kirumi ndizo zilizoitoa mdomoni zikaiweka kwenye karatasi, kwa sababu zinadai kila irabu iandikwe, na mwandishi hana budi kuchagua.

Neno lenyewe

Umaarufu wa jina unatokana na Uthman bin Affan, khalifa wa tatu, aliyeongoza kuanzia mwaka 644 hadi alipouawa mwaka 656. Waislamu humwita pia Dhun-Nurayn, mwenye nuru mbili, kwa kuwa alimwoa Ruqayya binti wa Mtume, na baada ya Ruqayya kufariki akamwoa dada yake, Ummu Kulthum. Ni katika zama zake msahafu ulipoandikwa kwa namna moja na nakala zake kupelekwa katika miji mikubwa, na mpaka leo mwandiko wa msahafu huitwa rasm ya Uthmani.

Hata hivyo jina ni kongwe kuliko khalifa. Waarabu walilitumia kabla ya Uislamu, na masahaba wengine nao waliitwa hivyo. Wanakamusi wa Kiarabu wanaeleza kuwa neno hili ni kinda la hubara, ndege wa nyikani wa jamii ya tandawala. Wanataja pia mtoto wa nyoka. Orodha nyingi za majina zitakuambia maana yake ni "mcha Mungu" au "mwenye hekima". Hapo wamechukua sifa za mtu wakazifanya maana ya neno. Mzazi anayelichagua anampa mwanawe jina la mtu anayemheshimu, na hilo latosha. Neno lenyewe ni la kinda la ndege, wala hakuna aibu ndani yake.

Historia hiyohiyo ndiyo inayoamua jina liko wapi na haliko wapi. Mashia hawampi Uthman nafasi anayopewa na Masunni, kwa hiyo jina ni adimu Iran na kwa jamii za Kishia za kwingineko, wakati jirani zao Waturuki wanalo tele. Huo ni uadimu wa jina lenyewe. Usiuchanganye na uadimu wa tahajia, ambao ni jambo jingine kabisa.

A ilitoka wapi?

Swali hili huwasumbua hata wanaokijua Kiarabu: u ya Uthman iligeukaje a ya Athumani? Jibu la haraka la wengi ni kwamba watu wa bara waliliharibu. Si kweli, na inafaa tuieleze sawasawa kwa sababu lawama hiyo imewafanya watu waone haya kuandika jina la babu yao.

Aini hutamkwa kwa kubana koo kwa chini. Mbano huo huivuta irabu iliyo jirani ishuke: i huelekea e, u huelekea o, na ikizidi kushuka hufika a. Kiswahili kimejaa ushahidi. Ilm imekuwa elimu. Umar amekuwa Omari. Lakini shahidi mkubwa kuliko wote ni neno tunaloliandika kila siku bila kulifikiria: anwani. Kwa Kiarabu ni unwan, lenye umbo lilelile la Uthman, yaani aini yenye u, konsonanti mbili, kisha -aan. Uthman amekuwa Athumani kama unwan ilivyokuwa anwani. Hajatokea mtu wa kusema anwani imekosewa. Waalgeria nao, walio mbali kabisa na mwambao wetu, huliandika jina hili Athmane au Atmane, kwa A.

The ilisalimika, kwa kuwa Kiswahili cha pwani kinayo sauti hiyo na kinaitumia katika thamani, thelathini, hadithi na urithi. Baada yake imeingia u: A-thu-ma-ni. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zibanane hivyo, kwa hiyo hutia irabu katikati, na mara nyingi irabu inayotiwa ni mwangwi wa ile iliyokuwamo katika neno la Kiarabu. Hukm ikawa hukumu, rizq ikawa riziki, waqt ikawa wakati. Mimi naisoma Athumani hivyohivyo: u iliyopotea mlangoni imebaki ndani ya nyumba, katika silabi ya pili.

Halafu i ya mwisho. Neno la Kiswahili hupenda kuishia na irabu, na baada ya n irabu hiyo kwa kawaida ni i, kama amani, sultani, dini. Ila i hii ina kazi nyingine ambayo wengi hawaitambui. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa kutia -ni, mkazo unaangukia "ma", palepale ambapo Mwarabu anavuta alifu yake. Mwite mtu kutoka ng'ambo ya barabara, "Athumaani!", utasikia irabu ndefu ya Kiarabu ikiwa hai. Kwa hiyo umbo linalodhaniwa kuwa limechakaa limehifadhi the, limehifadhi mvuto wa "maa", na limeacha alama ya aini. Osman ya Waturuki imepoteza zaidi.

Lamu na Mombasa utakuta pia Athman, bila irabu za nyongeza. Unguja na Pemba limezoeleka Othman, kama katika jina la Othman Masoud Othman, aliyeteuliwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar mwaka 2021. Kwa nini maumbo haya hayakuunganishwa? Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki ilinyoosha tahajia ya maneno, na th, dh na gh tunazoziandika leo zilithibitishwa katika kazi hiyo. Majina ya watu yaliachwa kwa wenyewe. Yakabaki mikononi mwa mwalimu wa shule, karani wa kodi na muuguzi wa kliniki, kila mmoja na sikio lake.

Kalamu ya Msomali

Kisomali kilipata tahajia rasmi ya herufi za Kirumi mwaka 1972. Waliounda mfumo huo walitaka kila sauti ya Kisomali ipate herufi yake bila nukta wala vistari vya juu, iandikike kwa taipureta ya kawaida. Herufi ambazo hawakuzihitaji wakazipa kazi mpya. C ikawa aini. X ikawa ile ha nzito ya Hasani na Muhamadi. Irabu ndefu zikaandikwa mara mbili.

Ukizishika kanuni hizo tatu, majina ya Kisomali yanafunguka yote kwa pamoja. Cali ni Ali. Cumar ni Omari. Caasha ni Asha. Xasan ni Hasani, Xaliimo ni Halima, Maxamed ni Muhamadi. Na Cismaan: c ni aini, haisomwi s wala k, i ni irabu fupi ya mwanzo, s imesimama badala ya the, kwa kuwa Kisomali hakina sauti hiyo, maan ni "maa" yetu ileile. Utaona pia Cusmaan, ambayo imebaki na u. Karani asiyeweza kutamka aini aseme tu "Ismaan" au "Usmaan", mwenye jina atainuka.

Kwa Wasomali jina hili limefika hata kwenye alfabeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Osman Yusuf Kenadid alibuni herufi mpya kabisa za kuandikia Kisomali, nazo zikaitwa kwa jina lake: Cismaanya, au Osmanya kwa tahajia ya wageni. Herufi za Kirumi zilizipiku mwaka 1972, lakini zimo katika viwango vya kompyuta vya Unicode tangu mwaka 2003.

Kalamu ya Mfaransa, ya Mreno na ya Mturuki

Kiswahili kilifika Maniema na misafara ya karne ya 19, ikaweka makao Nyangwe na Kasongo. Huko wasemaji wengi hawakuwa na the katika lugha zao za nyumbani, wakaitamka s: samani, selasini, Asumani. Hivyo ndivyo jina linavyoandikwa Kongo mashariki hadi leo, na pia Burundi na Rwanda. Uganda utakuta Asuman.

Visiwa vya Komoro wana jina lenye sauti hizohizo, ila aliyeliandika alisoma shule ya Kifaransa. Kwa Kifaransa s moja kati ya irabu husomeka z, kwa hiyo ziliwekwa mbili. Na u ya Kifaransa si u yetu, ikabidi iandikwe ou. Matokeo ni Assoumani, jina la Rais Azali Assoumani. Wengine hukohuko huandika Athoumani, the ikiwa imebaki. Ukiondoa s ya ziada na o ya ziada, Assoumani inakuwa Asumani ya Maniema, herufi kwa herufi.

Afrika Magharibi Mfaransa aliandika Ousmane. Ile e ya mwisho haitamkwi, wala haikuwekwa kwa urembo. Bila hiyo, "an" ya Kifaransa ingetamkwa puani na n isingesikika. E inailinda n. Ndiyo sababu Athmane na Otmane za Maghreb, yaani Afrika ya kaskazini-magharibi, nazo zina e. Jirani zao wa Nigeria, waliotawaliwa na Waingereza, wanaandika Usman bila e, kama Usman dan Fodio aliyeasisi dola la Sokoto mwaka 1804. Senegal na Nigeria, kalamu tofauti.

Kaskazini mwa Msumbiji ni Assumane: ss kwa sababu ileile ya z, na mwisho wa Kireno. Uturuki ni Osman, kwa kuwa Waturuki wanaitamka the kama s, na kutokana na Osman mmoja, mwasisi wa ukoo uliotawala kwa karne sita, Wazungu walipata neno Ottoman kupitia Kiitalia. Misri nao hutamka s, kwa hiyo Mmisri anayeandika kwa herufi za Kiarabu ataweka the, na akiandika kwa Kirumi ataweka Osman.

Yanayofanana kwa macho tu

Hapa ndipo wachunguzi wa majina huteleza. Asman inaweza kuwa Athumani aliyefupishwa, lakini kwa Kiajemi na Kiurdu asman ni mbingu, na ni jina kamili la peke yake. Osman ikiwa ni jina la ukoo la Mwingereza wa asili, pengine imetokana na Osmund, jina la kale lenye maana ya ulinzi wa mungu, bila uhusiano wowote na Uarabuni. Othmar, jina la Kijerumani, linaonekana kama Othman iliyokosewa herufi moja. Asili yake ni maneno ya Kijerumani ya kale yenye maana ya mali na sifa. Kufanana kwa herufi hakuthibitishi kitu. Kinachothibitisha ni ukoo wa mwenye jina: majina ya ndugu zake, dini, mahali na lugha ya aliyeandika.

Makosa ya kweli nayo yanatambulika. Tahajia inayoweza kuelezwa kwa kanuni za lugha fulani, na inayorudiwa na watu wengi wa mahali pamoja, si kosa. Athunami, Athmuani au Atuhmani haziwezi kutoka kwenye mdomo wa mtu yeyote. Hizo ni herufi zilizopishana chini ya vidole vya mpiga chapa. Athumni ni irabu iliyorukwa. Kipimo ni rahisi: isome kwa sauti kwa kanuni za lugha ya mwandishi. Ikitoa jina linalojulikana, iache. Isipotoa, rudi kwenye hati ya awali.

Uadimu unapimwaje

Watu hupenda kuuliza, "Jina langu ni adimu kiasi gani?" na hukimbilia takwimu za nchi zinazozichapisha. Takwimu hizo ni nzuri, mradi ujue zinahesabu nini.

Marekani, mamlaka ya hifadhi ya jamii huchapisha majina ya watoto wa kila mwaka tangu mwaka 1880, lakini jina huingia orodha ya nchi nzima likipewa watoto wa jinsia moja wasiopungua 5 mwaka huo. Wakipewa 4, halionekani. Uingereza na Wales kiwango ni 3. Ufaransa majina yasiyofikia kiwango hukusanywa pamoja chini ya kichwa cha majina adimu. Kusudi la mipaka hiyo ni kulinda faragha. Kwa hiyo mtu asiyeona Athumani katika orodha ya mwaka fulani hana haki ya kusema hakuna mtoto aliyepewa jina hilo. Huenda walikuwa 4 Marekani au 2 Uingereza na Wales.

La pili ni kwamba kila tahajia huhesabiwa peke yake. Mwaka 2023 Muhammad lilikuwa jina la kwanza kwa wavulana Uingereza na Wales, na Mohammed na Mohammad yalikuwamo katika 100 bora kama majina mengine. Jina letu linaumia zaidi kwa hesabu hiyo, kwa kuwa limegawanyika mara nyingi. Familia tano za Kiislamu za mtaa mmoja wa London zinaweza kumpa kila moja mwanawe jina la khalifa yuleyule: Mtanzania Athumani, Msomali Cismaan, Msenegali Ousmane, Mturuki Osman, Mkomoro Assoumani. Kwenye hesabu hayo ni majina matano, kila moja likiongezewa mtoto mmoja.

La tatu linatuhusu sisi zaidi. Orodha hizo huhesabu jina la kwanza. Kwetu mtu ana jina lake, la baba na la babu, na Athumani huishi kwa wingi katika nafasi ya pili na ya tatu. Binti aitwaye Mwajuma Athumani Salehe amelibeba jina, na nduguze wote wamelibeba, lakini hakuna orodha ya majina ya kwanza itakayowaonyesha. Wakihamia Kanada na jina la tatu kufanywa la ukoo, babu Salehe ndiye atakayeonekana na Athumani atafichwa kabisa. Anayetaka kujua kweli jina limeenea kiasi gani katika jamii ya Waswahili inabidi ahesabu nafasi zote tatu.

Kulitafuta katika kumbukumbu

Mifumo ya kutafuta majina kwa sauti ilibuniwa kwa ajili ya majina ya Ulaya. Maarufu zaidi ni Soundex, uliopewa hataza Marekani mwaka 1918 na bado unatumika katika nyaraka za kale. Unaishika herufi ya kwanza kama ilivyo, unatupa irabu na h zinazofuata, kisha unazipa konsonanti namba: t ni 3, s ni 2, m na n ni 5. Athumani inatoa A355. Othman inatoa O355. Asumani na Assoumani zote A255. Osman na Ousmane O255. Cismaan C255.

Namba hizo zinaeleza tatizo waziwazi. Jina moja limetoa misimbo mitano, kwa sababu mfumo umeng'ang'ania irabu ya kwanza, ambayo ndiyo isiyo na herufi kwa Kiarabu, na umetenganisha th na s, ambazo ni matamshi mawili ya the. Wakati huohuo Mwingereza Osmond naye anapata O255, chungu kimoja na Osman asiye ndugu yake.

Kwa jina hili tafuta kinyume chake. Iache irabu ya kwanza. Shika mifupa: th, s au t, kisha m, kisha a, kisha n. Programu ikikubali nyota badala ya herufi zisizojulikana, andika *th*ma*n*, kisha *s*ma*n*, kisha *t*ma*n*. Ile ya pili itakuletea pia Selemani, maana nyota humeza "ele" bila kuuliza. Hao waondoe kwa mkono. Ukipata mtu anayefanana, linganisha jina la baba kwa njia hiyohiyo, kwani karani aliyeandika Assoumani hataandika Hamisi, ataandika Hamissi. Kalamu moja huwa na tabia moja katika ukurasa mzima, na hiyo ndiyo njia bora ya kuijua.

Majina mengine yenye herufi ngumu hufuata mkondo huohuo. Ramadhani ya pwani ni Ramazani ya Kongo, kama Ramazan ya Waturuki. Khadija na Hadija ni jina moja. Badilisha mifupa tu, njia haibadiliki.

Kwenye hati za serikali

Sikio la Mswahili halioni tofauti kati ya Athumani Juma Hamisi na Othman Juma Khamis. Mashine inaona watu wawili. Cheti cha kuzaliwa kikisema hivi na kitambulisho cha taifa vile, shida haijitokezi siku ile. Hujitokeza miaka baadaye, kwenye pasipoti, mafao au mirathi, wakati aliyeandika hayupo tena.

Anza kwa kuzipanga hati zote kwa tarehe, ya kale kwanza, na uandike jina lilivyo katika kila moja, herufi kwa herufi. Usiandike "sawa na cha juu". Kisha chagua tahajia ya kushika. Ushauri wangu ni ile ya cheti cha kuzaliwa, hata kama huipendi, kwa kuwa hati nyingine zote huegemea hiyo. Tofauti za tahajia kwa mtu yuleyule hushughulikiwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo: kiapo kitaje kila tahajia, hati ilimo, namba yake na tarehe yake. Kiapo kinachosema tu "majina yangu yote ni yangu" hakimsaidii afisa, hana cha kulinganisha. Ukitaka kuiacha tahajia ya cheti kabisa na kuchukua nyingine, hilo ni badiliko la jina, na linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kenya hutangazwa pia katika gazeti rasmi la serikali.

Pasipoti ina mpaka wake. Sehemu inayosomwa na mashine, ile mistari miwili ya chini, ina nafasi 44 kwa kila mstari, na majina yote kwa pamoja hupewa 39. Katika majina hukubali herufi A hadi Z tu. Aini iliyowekwa kwa alama ya ritifaa, kama 'Uthman, itaachwa bila alama, kwa hiyo usiitumie kwenye fomu ukitegemea itabaki. Tiketi ya ndege ifuate pasipoti, si kitambulisho cha kazi wala jina la mtandaoni.

Msomali mwenye Osman kwenye pasipoti na Cismaan kwenye cheti cha shule ana kazi moja zaidi: karibu kila jina katika hati zake mbili litatofautiana, la baba na la babu pia. Cismaan Cali Xasan na Osman Ali Hassan hazifanani hata kwa herufi ya kwanza katika jina lolote kati ya matatu. Kiapo chake kiyapange majina hayo katika safu mbili, jina mkabala na jina, kwa herufi kubwa, na chini yake mstari mmoja ueleze kwamba katika tahajia ya Kisomali C ni aini na X ni ha. Afisa akiusoma mstari huo kabla ya kutazama safu, hatahitaji kuuliza.